Programu 31 za efekti kwenye kishikwambi, zinazotumika ni 4. Wewe ungebakisha zipi?

BintiKinanda (mleta uzi)
Wakuu salama.

Jana usiku nilikaa nikahesabu programu zote za efekti nilizojaza kwenye iPad yangu. Zimefika 31. Rivabu (efekti ya kuifanya sauti isikike kama iko ukumbini) peke yake ni 9. Kisha nikafungua nyimbo zangu 12 za mwisho, mmoja baada ya mwingine, nione zipi zilitumika kweli. Nne. Ikwalaiza moja (ya kupunguza au kuongeza masafa), kompresa moja (ya kusawazisha nguvu ya sauti), rivabu moja, dilei moja (ya kuirudia sauti baada ya muda). Hizo 27 nilizinunua baada ya kuona mtu anazisifia kwenye video.

Dai langu ni hili, anayepinga apinge: anayetengeneza muziki kwenye kishikwambi anatosheka na efekti 4 au 5. Anayezidisha hapo anajipunguzia muda wa kutunga.

Halafu nina shida. Natumia Cubasis 3, programu ya studio ya kurekodi na kumiksi. Nikiweka rivabu kwenye treki ya tatu ya sauti za kuimba, inaanza kukwaruza, tk tk tk, kama redio iliyo mbali na mnara. Treki mbili za kwanza ni safi kabisa. Kifaa kina umri kidogo, RAM yake ni GB 3. Tatizo ni rivabu au ni iPad?

MzeeWaBesi
Naunga mkono hoja. Ikwalaiza, kompresa, rivabu, dilei, limita (ya kuzuia sauti isivuke kilele), basi.

Hiyo tk tk ni bafa. Ingia kwenye mipangilio, ipandishe. Umemaliza.

fundi_mawimbi
Mkuu hapo juu kasema kweli ila kwa mkato mno, acha niongezee kwa wasiojua.

Prosesa haichakati sauti mfululizo, inachakata kwa mafungu. Bafa ndiyo ukubwa wa fungu. Ukiweka bafa ya sampuli 256 kwenye kasi ya sampuli 48,000 kwa sekunde, kila fungu lina milisekunde 5.3. Ndani ya muda huo treki zote na efekti zote lazima ziwe zimemaliza kazi. Zikichelewa hata kidogo, fungu linatoka na pengo, na pengo ndilo hiyo tk unayoisikia. Ukiweka 1024 unaipa prosesa milisekunde 21.3. Nafasi inakuwa kubwa mara nne.

Gharama yake unaiona wakati wa kurekodi: unaimba, sauti yako inakurudia sikioni imechelewa. Kwa hiyo rekodi kwa bafa ndogo, efekti nzito zikiwa zimezimwa. Ukimaliza kurekodi, pandisha bafa ndipo umiksi.

Neema_Sauti
Mimi naona mnatibu homa mnaacha malaria. Swali ni hili: kwa nini kila treki ina rivabu yake?

Dada BintiKinanda, tengeneza treki moja ya pembeni, weka rivabu moja tu humo, kisha kila treki ya sauti ipeleke kiasi chake kule. Ya kwanza peleka kidogo, ya kuitikia peleka zaidi. Rivabu moja inahudumia waimbaji kumi. Prosesa inapumua, na zaidi ya hapo waimbaji wote wanasikika wamesimama kwenye ukumbi mmoja. Ukiweka rivabu tatu tofauti, msikilizaji anasikia vyumba vitatu. Hawezi kukwambia kasoro ni nini, ila anahisi wimbo haujashikana.

Kwenye hiyo treki ya pembeni, rivabu iwe imelowa asilimia 100, yaani isipitishe sauti kavu hata chembe. Baada ya rivabu weka ikwalaiza, kata kila kilicho chini ya 500 au 600 Hz, na juu punguza kuanzia kwenye 8,000 au 10,000. Besi ikiingia kwenye rivabu ndiyo inayoleta lile tope. Na ukiacha juu wazi, kila herufi "s" inaruka ukutani inarudi kama mvuke wa birika.

BintiKinanda
Neema, nimejaribu sasa hivi. Kweli kabisa, nilikuwa naweka rivabu kwa kila treki, na zote zilikuwa Blackhole ya Eventide. Nimebakisha moja pembeni. Kukwaruza kumepungua sana, ila hakujaisha. Kwenye kiitikio bado inakohoa mara mbili tatu.

Ile ya kupunguza juu nimeisikia papo hapo. Neno "usisahau" lilikuwa linaacha mkia wa ssss mrefu, sasa mkia umekuwa laini. Shukrani.

KijanaWaBiti
Blackhole kwa sauti ya kuimba? Hiyo ni ya kumpeleka mtu angani hiyo 😄 Ndiyo maana waitikiaji wako wanasikika wako sayari nyingine.

Neema_Sauti
@KijanaWaBiti usimcheke, kwa kiitikio cha polepole inapendeza sana. Ila mstari wenye maneno mengi unataka rivabu fupi, sekunde moja au moja na nusu.

Mpigaji77
Mnazungumzia majina ya programu bila kugusa jambo la kwanza kabisa la kuangalia kabla ya kununua: je, ni AUv3, yaani plagini (efekti ya kuchomeka ndani ya programu nyingine) ya mfumo wa Apple? Kama siyo AUv3 usiinunue hata kama inaimba yenyewe. AUv3 inafunguka ndani ya projekti yako, unaweza kuiweka mara tano kwenye treki tano, na ukihifadhi projekti inakumbuka kila nobu ilipokuwa. Zile za mtindo wa zamani wa Inter-App Audio unafungua moja tu kwa wakati, na ukirudi kesho unaanza kupanga upya. AUv3 ilikuja na iOS 11 na tangu siku hiyo sijaangalia nyuma.

msomi_wa_apu
Rekebisho dogo: AUv3 ilikuja na iOS 9, mwaka 2015. iOS 11 ni ya 2017, na ndiyo iliyoziacha nje programu zote za biti 32. Inter-App Audio ilitangulia kwa iOS 7 mwaka 2013, Apple wakatangaza kuiacha kwenye iOS 13 mwaka 2019. Kabla ya zote hizo watu walikuwa wanaunganisha programu kwa Audiobus, tangu 2012.

Mengine yote aliyosema Mpigaji77 ni sahihi.

Mpigaji77
Nimepokea mkuu. Nilichanganya kwa sababu mimi mwenyewe nilianza kuzitumia wakati wa iOS 11.

Mama Vinanda
Hiyo iOS 11 mmeitaja mmenikumbusha kidonda. Nilikuwa na nyimbo saba za albamu, zote zimejengwa juu ya programu moja ya dilei iliyokuwa na sauti ya utepe mkongwe, tamu ajabu. Mtengenezaji wake alikuwa ameshaacha kuifanyia kazi. Nikasasisha iPad bila kufikiri. Asubuhi nafungua projekti ya kwanza, pale ilipokuwa dilei pana kisanduku kitupu. Ya pili hivyo hivyo. Zote saba.

Sauti kavu zilikuwepo, maana nilirekodi bila efekti. Lakini ile dilei ilikuwa sehemu ya mdundo, gitaa nililipiga nikiisikiliza. Nilijaribu kuijenga upya kwa programu nyingine kwa wiki mbili. Albamu haikutoka.

Tangu hapo nina sheria mbili. Ya kwanza, kila wimbo ukikamilika natoa kila treki kama faili la WAV mara mbili: moja kavu, moja yenye efekti zake, na nazihifadhi nje ya kishikwambi. Ya pili, kabla ya kununua naangalia programu imesasishwa mara ya mwisho lini. Ikiwa ni miaka minne iliyopita, siinunui hata ikiwa nzuri vipi. Kwangu mimi hilo linakuja kabla ya sauti, kabla ya bafa, kabla ya yote.

BintiKinanda
Pole sana mama. Hili sikuwa nimelifikiria hata kidogo. Narudi kuangalia tarehe za zile 4 zangu.

Roboti_la_Kijani
Na sisi wa Android tunakaa wapi kwenye uzi huu? Kila nikiuliza naambiwa nunua iPad. Nina kishikwambi kizuri tu, kioo inchi 11.

fundi_mawimbi
@Roboti_la_Kijani huhitaji kubadilisha. Tofauti kubwa ni kwamba huko hakuna mfumo wa plagini wa pamoja ambao programu zote zimeukubali kama AUv3. Kwa hiyo usichague efekti, chagua studio ambayo efekti zake za ndani zinakuridhisha. Cubasis 3 ipo, FL Studio Mobile ipo, n-Track ipo. Audio Evolution Mobile nayo inakuruhusu kununulia ndani yake efekti za ToneBoosters, ambazo ni za viwango.

Suala la sauti kuchelewa lilikuwa baya sana zamani. Limepungua tangu AAudio iingie na Android 8 mwaka 2017, ila linategemea kifaa na kifaa. Jaribu chako mwenyewe: gusa ngoma kwenye kioo huku unapiga meza kwa mkono mwingine. Ukisikia milio miwili, kifaa kinachelewa.

Roboti_la_Kijani
Nimepiga meza, nimesikia milio miwili 😅 Lakini ni midogo. Na nilikuwa nimevaa hedifoni za Bluetooth.

fundi_mawimbi
Vua hizo kwanza! Bluetooth peke yake inaongeza milisekunde mia na zaidi, hakuna bafa itakayokusaidia. Rudia kwa waya.

Neema_Sauti
Tena ukirekodi kwa maikrofoni ya hedifoni hizo, kifaa kinahamia kwenye hali ya kupiga simu na ubora wote unaanguka. Nimeletewa sauti za namna hiyo nizimiksi. Hakuna efekti inayorudisha kile ambacho hakikurekodiwa.

kidole_kimoja
Kuna jambo hamjaligusa. Programu nyingi za efekti zilichorwa kwa ajili ya kompyuta na panya, kisha zikabanwa ziingie kwenye kioo. Nobu ina ukubwa wa punje ya mtama. Unaigusa ili ushushe kompresa kwa desibeli 2, kidole kinafunika namba, unaachia, imekwenda 9. Unarudisha, imekwenda sifuri. Nimeshaiacha programu yenye sauti nzuri kabisa kwa sababu hiyo tu.

Ndiyo maana napenda FabFilter Pro-Q 3 kwenye iPad. Grafu inajaza kioo, unashika doa kwa kidole unalipeleka unakotaka, ukitaka kulibana unatumia vidole viwili. Nilianza kukata masafa mabaya kwa kusikiliza badala ya kutazama namba. Ikwalaiza za ToneBoosters nazo zina grafu ya kushikika.

Kwa hiyo kwangu kigezo cha kwanza ni kidole.

MzeeWaBesi
Kidole, bafa, tarehe ya kusasishwa, AUv3... Kigezo cha kwanza kimeshakuwa vinne.

Ukumbi Mdogo
Nyote mnanunua. Mimi nimetoa nyimbo 20 kwa GarageBand pekee, na haijanidai hata senti. Ina ikwalaiza yenye grafu, kompresa, na kila treki ina nobu mbili za kupeleka sauti kwenye mwangwi na rivabu ya pamoja, kitu kile kile Neema anachokieleza, kimeshapangwa tayari. Nawaomba wanaoanza wasome hili kabla hawajafungua pochi: tumia zilizomo kwa miezi sita. Utakapokwama mahali, utakuwa unajua umekwamia nini, na hapo ununue dawa ya pale pale.

Mimi nilikwama mahali pamoja tu: mvumo wa feni kwenye sauti nilizorekodi nyumbani. Nikanunua Brusfri ya Klevgränd. Unaisikilizisha sekunde chache za feni bila sauti ya mtu, inajifunza, kisha inaiondoa. Ukiizidisha, sauti inakuwa kama ya mtu aliye ndani ya mtungi, kwa hiyo naishia katikati.

sauti_za_ajabu
Nimesoma wote na mimi napinga dai la mleta uzi waziwazi.

Mnazungumzia efekti kama vifaa vya usafi: kukata tope, kuondoa feni, kupunguza "s". Kuna sisi ambao efekti ndiyo ala yenyewe. Nachukua sekunde mbili za sauti ya mlango, naipitisha kwenye FieldScaper, naipeleka kwenye rivabu ya AltiSpace yenye mwitikio wa sauti niliourekodi mwenyewe ndani ya pipa la chuma, kisha dilei ya Dubstation 2 ya Audio Damage ikiwa inajirudia hadi karibu kupasuka. Hapo nimepata kinanda ambacho hakipo popote duniani. Kwangu mimi 31 ni chache.

Usifute dada. Weka kwenye kabrasha, zitakuja siku zake.

KijanaWaBiti
Pipa la chuma? Hebu eleza.

sauti_za_ajabu
Unaingiza maikrofoni ndani ya pipa, unapasua puto, unarekodi mlio hadi unapokufa. Faili hilo unalipa programu ya rivabu ya aina ile inayonakili chumba. Kuanzia hapo chochote utakachopitisha kitasikika kimo ndani ya pipa. Ina uzito kwa prosesa kuliko rivabu ya kawaida, kwa hiyo moja inatosha.

Mama Vinanda
Umenifurahisha mwanangu. Mwaka 1957 Wajerumani wa EMT walitoa rivabu ya bati, ile EMT 140. Ni karatasi kubwa ya chuma iliyoning'inizwa ndani ya sanduku, sauti inaitikisa, vinasa vinachukua mtikisiko. Uzito wake kama kilo 270. Leo mnaitafuta kwenye menyu kwa jina la "plate" na kuichagua kwa kidole. Wewe na pipa lako mko kwenye ukoo huo huo.

mdundo_sawa
Jamani turudi kwenye dilei, maana wengi wanainunua lakini hawaipangi. Dilei ifuate kasi ya wimbo. Gawanya 60,000 kwa BPM (mapigo kwa dakika), unapata milisekunde za pigo moja. BPM 90 ni 500, basi weka 500.

fundi_mawimbi
Kanuni ni sahihi, hesabu siyo. 60,000 kwa 90 ni 667. 500 ni ya BPM 120.

mdundo_sawa
Sawa, ila nimeitumia 500 kwenye wimbo wa 90 na inakaa vizuri kabisa, ndiyo maana namba ilinikaa kichwani.

Neema_Sauti
Inakaa kwa sababu 500 ni robo tatu ya 667. Hiyo ni nusu pigo yenye nukta, ile dilei inayodunda katikati ya mapigo bila kuyagonga. Sikio lako lilikuwa sahihi.

mdundo_sawa
Ahsante, leo nitalala vizuri.

joto_kali
Narudi kwa mleta uzi na kukwaruza kwake. Je, iPad inakuwa kwenye chaji wakati unamiksi? Ikipata moto inapunguza kasi ya prosesa ili ijilinde. Bafa haitabadilisha hilo. Toa kava, punguza mwanga wa kioo, usichaji huku unafanya kazi.

msomi_wa_apu
Mimi nashuku kumbukumbu kuliko joto. Kila AUv3 inapewa kiasi chake cha RAM, na kwenye kifaa cha GB 3 efekti nzito kadhaa zinafika kwenye ukomo haraka. Ila kwa kawaida ikifika hapo plagini huanguka kabisa, haikwaruzi, kwa hiyo sina uhakika.

Na angalia kasi ya sampuli. Projekti ikiwa 44,100 na kifaa kinatoa 48,000, kuna ubadilishaji unaofanyika njiani.

MzeeWaBesi
Bafa.

BintiKinanda
Natoa ripoti. Nimefuta 17. Nilizoondoa kwanza ni zile ambazo tarehe ya kusasishwa imenitisha, na mbili kati yake nilikuwa nazipenda. Ya @sauti_za_ajabu nimeisikiliza pia: 9 za maajabu nimezitia kwenye kabrasha lao. Zilizobaki mezani ni 5, na ya tano ni limita ambayo sikuwa nayo kwenye hesabu ya nyimbo 12.

Projekti yangu ni 44,100. Kifaa ni 48,000. Iko kwenye chaji muda wote kwa sababu betri imechoka. Bafa ilikuwa 256. Kwa hiyo kila mmoja wenu amepata kitu 😄

Nimepandisha bafa hadi 1024: safi kwa dakika ishirini, kisha kiitikio kikakohoa tena mara moja. Nikachomoa chaji: safi. Nikarudisha chaji: safi pia. Sielewi.

joto_kali
Ilikuwa imeshapoa. Subiri nusu saa kisha usikilize tena.

fundi_mawimbi
Au igandishe hiyo treki ya rivabu, yaani itoe kama sauti iliyokamilika kisha uzime plagini. Prosesa haitakuwa na kazi hapo tena, na utajua kama chanzo ni rivabu au ni kingine.

Ukumbi Mdogo
Kabla hajagandisha: limita umeiweka wapi? Kama iko kwenye masta, yaani treki ya mwisho zinapokutana zote, na inasukuma sana, hiyo tk inaweza kuwa sauti kupasuka kwenye kiitikio ambako kila kitu kinaimba pamoja, siyo prosesa kabisa. Mimi naacha kilele kisizidi desibeli -1, na sikimbizi ukubwa wa sauti, maana Spotify wanasawazisha nyimbo kwenye -14 LUFS (kipimo cha ukubwa wa sauti). Ukiusukuma zaidi ya hapo wanakushusha.

BintiKinanda
Limita niliiongeza jana. Kukwaruza kulikuwepo kabla.

Lakini subiri. Kiitikio tu ndicho kinachokohoa, hata leo. Acha nizime kile kinanda cha sauti ya chini kilicho kwenye kiitikio nisikilize tena.

KijanaWaBiti
Tunasubiri. Na utuwekee wimbo tusikie hao waitikiaji wa angani.